Nimeolewa, HR wananiambia nisubiri hadi Novemba

*Shikamoo mama. Naishi Dallas, nafanya kazi kwenye ghala la dawa la kampuni binafsi. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 13 Juni. Mume wangu ana lori lake na anajitegemea. Bima yake aliinunua kupitia healthcare.gov, lile soko la bima la serikali, na anapata ruzuku ya serikali. Nilipouliza kazini namna ya kumwingiza kwenye bima yangu, dada wa HR, ofisi ya wafanyakazi, alinijibu kwamba kujisajili ni Novemba, nisubiri. Cheti cha ndoa nacho bado hakijatoka. Kwa sasa nakatwa dola 62 kila wiki mbili. Nikimwongeza zitakuwa 241, na huo ndio mpango wa bei ya chini tulio nao. Nina pia ile akaunti ya HSA ya kuweka akiba ya matibabu. Mimi napata kama dola 46,000 kwa mwaka, yeye akishatoa gharama za lori hubaki na 28,000 hivi. Je, nisubiri? Na kumwongeza kwenyewe kuna faida?*

Marahaba, mwanangu, na hongereni sana. Usisubiri Novemba. Dada wa HR amekujibu kama mtu aliyeulizwa, "Nimeichoka bima yangu, naweza kubadilisha?" Kwa swali hilo yuko sahihi, maana katikati ya mwaka mfanyakazi habadilishi bima kwa kuwa ameamka na wazo jipya. Ila ndoa ina mlango wake. Mlango huo uko wazi sasa hivi unaposoma, na utafungwa tarehe 13 Julai.

Sheria inayokulinda ni HIPAA ya mwaka 1996. Watu wengi wanaijua kwa ajili ya usiri tu, zile karatasi unazopewa mapokezi hospitalini utie saini kabla hujamwona daktari. Humo humo kuna haki nyingine isiyotajwa sana: mfanyakazi akioa au kuolewa, mpango wa bima wa kazini unaopokea wenza lazima umpe siku zisizopungua 30 za kuomba mwenza wake aandikishwe, bila kungoja msimu wa kila mwaka. Mwajiri anaweza kuwa mkarimu akatoa siku 31 au hata 60, lakini hana ruhusa ya kutoa pungufu. Na haki hiyo ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Hata kama ungekuwa wewe mwenyewe hukujiandikisha ulipoajiriwa, ndoa ingekuruhusu muingie wote wawili. Kama kampuni ina mipango miwili au mitatu, unaweza pia kuhama mpango wako wa sasa mkaingia pamoja kwenye mwingine.

Nimesema "unaopokea wenza" kwa makusudi. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, ile ya wakati wa Obama, inawadai waajiri wenye wafanyakazi 50 wa muda wote na kuendelea wawape bima wafanyakazi hao na watoto wao hadi umri wa miaka 26. Mke au mume hakutajwa. Ndiyo maana zipo kampuni zisizopokea wenza kabisa, na nyingine zinapokea lakini zinatoza ada ya ziada ikiwa mwenza ana bima kwenye kazi yake mwenyewe. Kwako umeshatajiwa bei ya 241, kwa hiyo hilo la kwanza limekwisha. La ada, mumeo anajitegemea. Utaletewa fomu utamke kwamba hana mwajiri wa kumpa bima, nayo pengine utaijaza tena kila mwaka.

Sasa tuhesabu siku, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Siku zinaanza kuhesabiwa tangu mlipofunga ndoa. Hazingoji cheti kifike, wala jina lako libadilishwe kwenye leseni ya udereva, wala ile sherehe kubwa mtakayowafanyia wazazi Desemba. Umeniandikia tarehe 25 Juni, siku ya 12. Kwa ndoa, bima ya mwenza inatakiwa ianze si baadaye ya tarehe mosi ya mwezi unaofuata siku mpango ulipopokea ombi lako. Ombi likiwafikia Jumanne tarehe 30 Juni, mumeo ana bima tarehe 1 Julai. Likiwafikia siku moja baadaye, Jumatano, wana haki ya kukuambia tarehe 1 Agosti. Siku moja, mwezi mzima. Baadhi ya mipango hurudisha tarehe nyuma hadi siku ya ndoa, lakini huo ni ukarimu wao. Kurudisha nyuma kwa lazima kumewekwa kwa mtoto anayezaliwa au kuasiliwa, si kwa mwenza.

Cheti, basi. Texas ina kichekesho chake. Mnapokwenda kwa karani wa kaunti mnapewa leseni ya ndoa, yaani ruhusa ya kuoana. Mchungaji anawafungisha, anaijaza, anaitia saini, halafu ni juu yake kuirudisha kwa karani isajiliwe. Sheria ya jimbo inampa siku 30 za kuirudisha. Zitazame hizo siku 30 kando ya siku 30 za bima yako: mchungaji anaweza kutii sheria kikamilifu na bado akakuacha nje ya mlango. Mpigie leo. Usimlaumu, muulize tu kama ameshaipeleka, na kama bado, jitolee kuipeleka mwenyewe. Ikishasajiliwa, agiza nakala zilizothibitishwa mbili au tatu kwa karani.

Na tafadhali usiwapelekee HR leseni ukidhani ni cheti. Karatasi hizo mbili zinafanana, zina mihuri na majina yenu yote mawili, na nimeona nyingi zikirudishwa kwa kosa hilo. Kinachotakiwa ni nakala yenye uthibitisho kwamba ndoa ilifungwa na imesajiliwa.

Lakini usingoje karatasi hiyo ndipo uombe. Nilipokuwa nafanya kazi ofisi ya mafao, alinijia kijana mmoja siku ya 34 tangu ndoa yake. Cheti chake kilikuwa kwenye jalada la plastiki, safi, hakina hata mkunjo. Kilikuwa kimemfikia kwa posta jana yake, na yeye kwa uungwana wake aliona si vizuri kuja ofisini mikono mitupu. Mpango wetu ulitoa siku 30 barabara. Nilijaribu kwa wakubwa, haikuwezekana, na mkewe alikaa bila bima mpaka Januari. Angetuma barua pepe ya mistari mitatu wiki moja kabla, ningemngojea cheti bila shida yoyote, kwa kuwa kinachoangaliwa kwanza ni siku uliyoomba. Vithibitisho vinaweza kufuata baada ya hapo, kwa muda wa busara.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, ingia kwenye mfumo wa mafao wa kampuni. Mingi ina kitufe cha tukio la maisha. Bonyeza, chagua ndoa, weka tarehe 13 Juni, mwongeze mumeo. Mfumo ukidai cheti na ukakataa kuendelea, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe. Kisha, hata kama mfumo umekubali, andika barua pepe kwa HR. Isiwe ndefu: tumefunga ndoa tarehe 13 Juni, naomba mume wangu aandikishwe kwenye bima ya afya, ya meno na ya macho kwa haki ya uandikishaji maalumu chini ya HIPAA, cheti nitakileta karani akishakitoa. Jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba yake ya hifadhi ya jamii. Ambatisha picha ya leseni iliyotiwa saini na mchungaji, ukisema wazi kwamba ni ya muda. Jitumie nakala kwenye anwani yako binafsi. Mazungumzo ya koridoni hayana tarehe.

Nakuhakikishia, mara tisa kati ya kumi neno HIPAA likionekana kwenye barua pepe, jibu la Novemba linayeyuka. Dada huyo ataipeleka kwa mtu wa mafao, naye ataona aibu kidogo kwa niaba ya kampuni. Usimfanye adui. Huenda ana wafanyakazi mia tatu na kila mmoja ana swali lake. Tena pekua makaratasi uliyopewa ulipoajiriwa: waajiri wanatakiwa kuwapa wafanyakazi taarifa ya maandishi ya haki hii kabla au wakati wanapopewa nafasi ya kujiandikisha, kwa hiyo huenda unayo kwenye droo. Wakiendelea kukataa, Wizara ya Kazi ya Marekani ina kitengo kinachoitwa EBSA, simu 1-866-444-3272, bila malipo. Kampuni yako ni binafsi, kwa hiyo ni eneo lao. Washauri wao huwapigia waajiri wenyewe, na simu ya aina hiyo huamsha watu.

Hapo nimejibu kama unaweza. Kama kuna faida ni swali gumu zaidi, na nitakwenda nalo taratibu.

Tofauti ya 241 na 62 ni dola 179 kila malipo. Kwa mishahara 26 ya mwaka, ni dola 4,654. Usishtuke na kumlaumu mwajiri wako peke yake, ndivyo bima za kazini zilivyo: kampuni humbeba mfanyakazi mgongoni na kumwacha mwenza atembee. Uchunguzi wa KFF, shirika linalotafiti mambo ya afya, wa mwaka 2024 ulikuta mfanyakazi mwenye bima ya peke yake akichangia wastani wa dola 1,368 kwa mwaka, na mwenye bima ya familia dola 6,296. Lakini hizo 179 zinakatwa kabla ya kodi. Kwa kipato chenu mnaangukia ngazi ya asilimia 12 ya kodi ya mapato, na juu yake kuna asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na Medicare, bima ya serikali ya wazee. Dola 35 hivi zinarudi. Kinachopungua mfukoni ni kama dola 144.

Ungedhani sasa tuchukue 144 tulinganishe na anacholipa mumeo healthcare.gov, iliyo rahisi zaidi ishinde. Hesabu hiyo inakosa jambo moja, na jambo hilo linawauma wanandoa wapya wengi mwezi wa Aprili wanapotengeneza kodi.

Alipokuwa kapera, ruzuku yake ilikokotolewa kwa kipato chake cha 28,000 peke yake. Tangu mwoane, inakokotolewa kwa kipato chenu wote wawili, 74,000, na kwa kawaida lazima mtengeneze kodi pamoja. Ukitengeneza kivyako na yeye kivyake, ruzuku inapotea. Zaidi ya hapo, serikali inauliza: je, kazi ya mke inampa mume bima ya bei inayobebeka? Tangu 2023 kipimo ni gharama ya kuwabeba wote waliopewa nafasi, si ya mfanyakazi peke yake kama ilivyokuwa zamani. Chukua 241 mara 26: dola 6,266. Kwa mwaka 2026 mstari umechorwa kwenye asilimia 9.96 ya kipato cha kaya. Kwenu ni dola 7,370 hivi. Ya kwanza iko chini ya ya pili. Kwa macho ya serikali, basi, bima ya kazini kwako inabebeka, na mumeo hana haki ya ruzuku kuanzia mwezi ambao angeweza kuwa ndani ya bima yako.

Soma tena maneno hayo: angeweza kuwa. Hata asipoingia. Ukiuacha mlango ufungwe tarehe 13 Julai, nafasi ilikuwepo na hamkuitumia, kwa hiyo atakuwa nje ya bima yako na pia bila haki ya ruzuku. Ruzuku atakayoendelea kuipokea itadaiwa kwenye kodi. Zamani kulikuwa na kikomo cha kiasi unachorudisha kama kipato si kikubwa. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 kikomo hicho kimeondolewa, inarudishwa yote. Na kwa kuwa mumeo amejiajiri, huenda amezoea kutoa malipo ya bima yake kwenye kipato anapohesabu kodi. Kwa mwezi ambao angeweza kuingia kwenye bima ya kazini kwa mkewe, hata makato hayo hayaruhusiwi. Kwa hiyo linganisha 144 zako na bei kamili ya bima yake bila ruzuku. Sijaiona bei hiyo, lakini kwa mwanamume mwenye umri wa kuendesha lori, ningeshangaa kama ya kwako haitashinda.

Kinachobaki ni matibabu yenyewe. Mwombe akupe jina la daktari wake na dawa anazotumia, uzitafute kwenye orodha ya bima yako. Kama ana sukari au presha, hilo halimzuii kitu. Tangu 2014 bima haziruhusiwi kumkataa mtu au kumcheleweshea huduma kwa ugonjwa aliokuja nao.

Ukiwa na HSA maana yake uko kwenye mpango wenye kiasi kikubwa cha kutangulia, yaani zile fedha mnazolipa wenyewe kabla bima haijaanza kuchangia. Angalia jambo hili kwa makini. Kwenye baadhi ya mipango hiyo, mkiwa wawili, kiasi cha kutangulia cha mmoja mmoja hakipo tena. Kuna kimoja tu cha familia, na bima haimlipii yeyote mpaka kijae chote. Kama umeshatumia dola mia kadhaa mwaka huu kuelekea kujaza cha kwako, uliza kwa maandishi kama zitahesabiwa kwenye cha familia. Mara nyingi zinahesabiwa, lakini pata jibu lenye jina la mtu. Kwa upande mzuri, kikomo cha kuweka akiba kinapanda: kwa 2026 ni dola 4,400 kwa mtu mmoja na 8,750 kwa bima ya familia, kikigawanywa kwa miezi uliyokuwa kila upande. Wengi hawajui pia kwamba fedha zilizomo unaweza kuzitumia kwa matibabu ya mumeo kuanzia mlipooana, hata kabla hajaingia kwenye bima yako. Hata miwani.

Bima yake ya sasa asiifute bado. Afute akiwa ameshika uthibitisho wa maandishi kutoka kazini kwako wenye jina lake na tarehe ya kuanza. Ila asikawie nao, kwa sababu healthcare.gov kwa kawaida hufunga bima kwa tarehe ya leo au ya mbele. Kurudi nyuma ni taabu. Ndoa yenyewe anatakiwa kuwaarifu ndani ya siku 30.

Nitoke kidogo nje ya swali lako, kwa sababu najua kuna wengine watakaosoma hapa ambao wenza wao bado wako nyumbani wakingoja viza. Kwenu pia saa ilianza kuhesabu siku ya ndoa, hata kama ilifungwa Tanga au Kisumu. Kutua kwa ndege kwa mwenza si mojawapo ya matukio yaliyotajwa na HIPAA. Mipango mingine hulikubali kwa hiari, soma wako. Ukingoja afike ndipo uombe, unaweza kujikuta unangojea msimu wa mwisho wa mwaka kweli. Waweza kumwandikisha sasa ukalipia miezi ambayo hatumii, au ukajua mapema kwamba mtu anayehamia Marekani kihalali hupewa siku 60 za kununua bima kupitia soko la serikali, pengine kwa bei kamili. Kukosa namba ya hifadhi ya jamii kusikuzuie kuomba: mfumo ukigoma kwa sababu ya nafasi iliyo tupu, mpigie mtu wa mafao amwingize kwa mkono, namba ifuate. Na kama ndoa yenu ni ya kimila au ya msikitini pekee, isajiliwe serikalini kwanza, maana mwajiri ataomba cheti cha msajili, chenye tafsiri ya Kiingereza kama hakijaandikwa kwa lugha hiyo.

Nirudi kwako. Mshahara wako wa kwanza wa Julai utakapoingia, fungua karatasi ya malipo utazame mstari wa makato ya bima. Ukikuta 241, mumeo yuko ndani. Ukikuta bado 62, usifurahi. Piga simu siku hiyo hiyo, ukiwa na ile barua pepe mkononi, maana tarehe 13 itakuwa haijafika au ndiyo kwanza imefika. Na bima yako ya maisha ya kazini, kama uliandika jina la dada yako kama mnufaika enzi za ukapera, bado ni ya dada yako mpaka ubadilishe.